Namba zetu mziache kama tulivyoziandika: barua ya wazi kwa wanaotuletea programu za takwimu

Kwa watengenezaji wa programu za kuchambua takwimu, kwa mashirika yanayozileta Butembo na Beni, na kwa wakuu wa takwimu za afya wa Kivu ya Kaskazini.



Ninawaandikia kwa heshima, ila sitawaficha kwamba nimechoka. Mimi ni mmoja wa makarani wa data wa zoni za afya za huku kwetu Butembo. Tunapokea madaftari na karatasi kutoka vituoni, nyingine zimelowa mvua njiani, tunaingiza namba kwenye programu mlizotupatia, halafu ripoti inapanda hadi Kinshasa na Geneva. Hakuna anayetupigia makofi kwa kazi hii, wala hatudai makofi. Tunadai kwamba namba ikishatoka mikononi mwetu ibaki ile ile.

Haibaki. Na tukilalamika, jibu ni moja kila mara: namba haijaguswa, ni muonekano tu uliobadilika. Hata kwenye mafunzo jambo hili hupitiwa juu juu, dakika chache kabla ya chai. Mimi nasema, kwa mtu anayeisoma, muonekano ndio namba yenyewe. Daktari mkuu wa zoni hasomi kilichomo ndani ya seva. Anasoma skrini, au karatasi iliyochapishwa, na hapo hapo anaamua dawa zipelekwe wapi. Mfanyabiashara wa kakao wa Beni akiipaka mizani yake rangi mpya hatumsemi. Akigusa mshale, tunamsema mbele ya watu. Programu zenu zinagusa mshale, na hizi hapa sababu zangu.

1. Koma, nukta na nafasi

Shule zetu zimetufundisha kuandika namba kama Wafaransa na Wabelgiji: koma kwa desimali, nafasi kwa maelfu. Nusu ni 0,5. Wagonjwa wote wa Ebola ile ya 2018 hadi 2020, waliothibitishwa pamoja na waliodhaniwa, ni 3 470. Ukivuka mpaka wa Kasindi ukaingia Mpondwe, upande wa Uganda, nusu inakuwa 0.5 na wagonjwa wale wale wanakuwa 3,470. Hakuna aliyekosea hapo. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ule unaosimamia mita na kilo za dunia nzima, mwaka 1948 ulikubali koma na nukta zote mbili kwa desimali, ukasema pia kwamba tarakimu zaweza kupangwa tatu tatu kwa kuacha nafasi, pasipo kutia koma wala nukta kati ya mafungu. Mwaka 2003 ukayarudia maneno hayo. Kwa hiyo uandishi wetu ni halali, na kwenye maelfu ni sisi tunaoifuata kanuni.

Sasa fungueni daftari la wodi ya wazazi. Mkunga ameandika uzito wa watoto wachanga kwa kilo: 3,250. Chini yake 2,9. Chini yake tena 3,1, halafu 2,850. Ingizeni safu hiyo kwenye programu iliyopangwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kwanza anakuwa na kilo 3250, maana programu imeona koma ikifuatwa na tarakimu tatu, ikaamua hayo ni maelfu. Wa pili na wa tatu, programu nyingine inawahesabu kuwa maandishi na kuwaruka kimyakimya inapotafuta wastani; nyingine inafuta koma bila kuuliza, na mtoto wa kilo 2,9 anapewa kilo 29. Ile 3250 haitanipotezea usingizi, hata mlinzi wa mlangoni ataicheka. Ninaowaogopea ni wale walioachwa nje ya hesabu, kwa sababu hawachekeshi mtu. Karani akishasahihisha maelfu yale kwa mkono, wastani unatoka mzuri, unaaminika, na umehesabu nusu ya watoto.

Mkanda wa kupimia mkono wa mtoto nao una visa vyake. Mzingo ukiwa chini ya milimita 115, mtoto ana utapiamlo mkali. Wauguzi wengine huandika kwa sentimita, 11,5. Programu inayofuta koma inaigeuza 11,5 kuwa 115, na kwa bahati inapata jibu sahihi kwa njia ya makosa. Halafu anafuata mtoto aliyeandikwa 11 kavu, bila desimali, naye anabaki 11, na ripoti inatangaza mkono wenye mzingo wa milimita kumi na moja.

Na nani anaamua haya yote? Mara nyingi ni mpangilio wa kompyuta yenyewe. Kompyuta nyingi za Butembo zimekuja zikiwa zimeshatumika, zimepitia Dubai, na Windows yake ni ya Kiingereza. Zile za mashirika huja na Kifaransa. Ofisi moja, meza mbili, faili moja, namba mbili. Hata CSV, ambayo kila mradi huisifu kwamba inafunguka popote, Excel yenye mpangilio wa Kifaransa huitenganisha kwa nukta-mkato, kwa kuwa koma imeshachukuliwa na desimali. Ipelekeni kwenye kompyuta ya Kiingereza muone jedwali zima likilundikana kwenye safu moja.

Msiniambie haiwezekani. R ina amri mbili za kusoma faili, read.csv kwa desimali ya nukta na read.csv2 kwa desimali ya koma, na ina OutDec ya kuchagua alama itakayoonekana kwenye matokeo. Pandas ya Python inakubali kuambiwa kwamba desimali ni koma. DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Congo inaitumia kwa mfumo wake wa taifa wa taarifa za afya, inamruhusu msimamizi kuchagua nafasi, koma au kutoweka chochote kati ya maelfu. Uwezo upo. Mwenye kuuwasha ndiye haonekani, au anakuja siku ya uzinduzi akiwa anawahi ndege.

2. Mji mzima wenye simu moja

Namba ya simu ya Congo ikiandikwa na 243 mbele ina tarakimu 12. Excel, kama kisanduku hakijapewa mpangilio wowote, inaonyesha namba kamili hadi tarakimu 11; ikizidi hapo inahamia kwenye uandishi wa kisayansi. Tumezidi kwa tarakimu moja! Basi safu nzima ya simu inaonekana 2,44E+11, chini yake 2,44E+11, chini yake tena 2,44E+11, kana kwamba Butembo nzima inapokezana simu moja. Ukiandika kwa mtindo wa nyumbani, kwa kuanza na sifuri, sifuri inaliwa.

Najua mtakachosema: panua safu, badilisha mpangilio wa kisanduku, ndani namba ipo. Ni kweli ipo, hadi pale mtu atakapohifadhi faili kama CSV ili amtumie mshirika mwingine. Excel ikiandika CSV inaandika kile kinachoonekana. Iliyoonekana 2,43998E+11 inaandikwa hivyo hivyo, na atakayeifungua kesho atakuta 243998 na sifuri sita nyuma yake. Tarakimu sita za mwisho zimekwenda na hakuna fundi wa kuzirudisha. Ule "muonekano tu" umekwisha kuwa namba.

Kwetu, jambo hili lina uzito wake. Mtu aliyegusana na mgonjwa wa Ebola anafuatiliwa siku 21. Watu wa huku hawakai mahali pamoja: leo yuko Katwa, kesho amefuata shamba Kalunguta, keshokutwa amekimbia milio ya risasi na kwenda kwa shemeji yake Musienene. Wakati wa Riposte, yaani operesheni ya kupambana na Ebola, simu ndiyo iliyokuwa kamba ya kumfikia. Nimewahi kukabidhiwa orodha iliyopita mikono mingi, simu zote zikiishia na sifuri sita, na pamoja nayo ujumbe wa kuuliza kwa nini watu wengi wa orodha hawapatikani. Niliusoma mara mbili. Sikujua nianze kumjibu nani.

Hakuna anayejumlisha namba za simu, wala anayetafuta wastani wa namba za kadi za chanjo. Hizo ni maandishi yaliyovaa tarakimu. Zihifadhiwe kama maandishi tangu kisanduku cha kwanza, kwenye kila fomu mnayotuundia, bila kumngoja karani akumbuke. Na kwenye misimbo mirefu ya sampuli za maabara hali ni mbaya zaidi: Excel inahifadhi tarakimu 15 tu, kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Hapo hata kisingizio cha muonekano hakipo.

3. Tarehe

Tarehe nazo ni namba, ingawa wengi hawajui. Ndani ya Excel, tarehe 1 Agosti 2018, siku wizara ilipoitangaza Ebola baada ya vifo vya Mangina, ni 43313. Muonekano ndio unaoigeuza kuwa siku. Kwetu 08/03/2019 ni tarehe 8 Machi. Mmarekani anaisoma tarehe 3 Agosti. Ugonjwa wenyewe huanza kujionyesha kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi, kwa hiyo kosa la miezi mitano linamng'oa mtu kabisa kutoka kwenye mnyororo wa waliomwambukiza. Na halikosei safu yote, ndiyo taabu. Tarehe 25/03/2019 haigeuki, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Tarehe 8 inageuka. Sehemu ya safu inakwenda Marekani, sehemu inabaki Butembo.

Halafu yako makundi ya umri. Andika 5-9, maana yake watoto wa miaka mitano hadi tisa, na Excel ya Kifaransa inakupa tarehe 5 Septemba. Ya Kimarekani inakupa tarehe 9 Mei. Wataalamu wa jenetiki walipatwa na balaa hili hili: jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuka tarehe kila faili linapofunguliwa, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikayabadilisha, zikawa MARCHF1 na SEPTIN1. Sayansi ya dunia nzima ikaipigia magoti programu ya jedwali. Mwaka 2023 Microsoft ililegea, ikaweka mahali pa kuzima ugeuzaji huo, nami nawashukuru. Lakini kitufe hicho kinamfaa mwenye toleo jipya lililolipiwa. Kompyuta ninazozifahamu mimi zina matoleo ya zamani, na watoto wa miaka 5 hadi 9 hawana kamati ya kuwatafutia jina lingine.

4. Sifuri isiyo sifuri

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Chukueni kituo cha afya cha kijijini, upande wa Oicha au Mutwanga. Usiku waasi wa ADF wameshambulia kijiji jirani. Asubuhi nesi amefunga mlango, amebeba watoto wake, amekwenda. Mwezi huo hakuna ripoti. Ofisini kisanduku chake kiko wazi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu hatujui kitu. Sasa programu inajumlisha, inachora grafu, inapaka ramani rangi. Pale palipokuwa wazi inaweka 0. Surua: 0. Kuhara: 0. Vifo vya wajawazito: 0. Eneo linapakwa kijani.

Sifuri ina maana kwamba mtu alitazama, akahesabu, hakuona. Kisanduku kitupu kina maana kwamba hakuna aliyetazama. Ukivichanganya viwili hivyo Congo ya Mashariki, unapata ramani ambayo amani inaonekana pale hasa vita vinapowaka, maana wenye kuhesabu wamekimbia. Anayepanga chanjo akiwa Kinshasa akiona kijani, gari analipeleka kwingine. Surua ya 2019 iliua zaidi ya watu 6 000 nchini kote, kupita Ebola yetu ambayo iliua 2 287, na surua ni ugonjwa wa mahali pasipofikiwa na chanjo. Sifuri ya uongo ndiyo njia yake.

Kinyume chake nacho kipo. Katika DHIS2, kwa mpangilio wa kawaida, sifuri haihifadhiwi mpaka msimamizi aseme kwamba kwa kipengele fulani sifuri ina maana. Kwa hiyo nesi mwaminifu aliyepita daftari lote, akakuta hakuna surua, akaandika 0 kwa mkono wake, kazi yake inafutika na anafanana na yule aliyekimbia. Najua sababu: watengenezaji walitaka kuokoa nafasi kwenye hifadhidata, na mahali penye vipengele maelfu hoja hiyo ina mantiki. Mpangilio wa kuirekebisha upo. Tunaomba uwashwe kwa magonjwa yote yanayoripotiwa kila wiki, bila kubaki hata moja. Na kwenye majedwali na ramani, pasipo na taarifa pawekwe kistari au rangi ya kijivu, na kando yake iandikwe ni vituo vingapi vimeripoti kati ya vingapi. Mkubwa akiuliza kwa nini ramani ina kijivu kingi, mwambieni ukweli: ni kwa sababu ya usalama. Kijivu hicho nacho ni taarifa.

5. Desimali za mapambo

Ebola iliporudi upande wa Butembo mwezi Februari 2021 ilikuwa na wagonjwa 12, wakafa 6. Programu ikaulizwa asilimia, ikaandika 50,00. Sifuri mbili hizo za nini? Angepona mmoja zaidi, ingeandika 41,67, na msomaji angedhani tumepima kwa darubini. Watu 12 hawawezi kubeba tarakimu mbili baada ya koma. Andikeni 6 kati ya 12, mwacheni msomaji aone mwenyewe ukubwa wa jambo. Grafu zinazoandika 45K badala ya 45 000 nazo tunaomba zipumzike. Mtu wa kamati ya afya ya mtaa akiona K anauliza hiyo ni kilo ya nini.

6. Kiswahili mlichotupa

Unicode inatunza orodha ya namna kila lugha na kila nchi inavyoandika namba, na programu nyingi huchota humo. Kiswahili cha kawaida katika orodha hiyo kinafuata Tanzania na Kenya: 1,234.5. Kiswahili cha Congo nacho kimo, msimbo wake ni sw-CD, na kinaandika 1.234,5. Kifaransa cha Congo kinaandika 1 234,5. Karani mmoja wa Butembo, kwa siku moja, anaweza kukutana na namna zote tatu pasipo kuinuka kitini. Mnapotuwekea kitufe cha "Kiswahili" mkiamini mmetuheshimu, mara nyingi mnatuletea koma za Nairobi. Ndugu zetu wa Nairobi wasichukie, koma zao hazina ubaya nyumbani kwao. Ila mtu anayetaka kusoma menyu kwa lugha yake asilazimishwe kubadilisha maana ya 3,250 kwenye daftari lake.

Lugha iwe chaguo moja, uandishi wa namba uwe chaguo lingine. Tangu Julai 2022 Congo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mizigo inapita Kasindi kila siku, wagonjwa wanapita, na taarifa za wagonjwa zitazidi kupita. Faili la Bwera, upande wa Uganda, na faili la Beni yatakutana tu, mkitaka msitake.

Labda kuna anayejiuliza: kelele zote hizi kwa ajili ya koma? Basi mkumbuke mahali tunapoishi. Septemba 2018, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo; mmoja kati ya wanne hivi alisema Ebola haipo. Desemba mwaka huo huo tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati rais alichaguliwa bila sisi. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa nje ya hesabu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi Aprili Dk. Richard Mouzoko wa WHO aliuawa hapa hapa Butembo, ndani ya hospitali ya chuo kikuu. Sisemi kwamba koma ndiyo iliyoleta hayo. Nasema namba hapa hazisomwi na wataalamu peke yao. Taarifa za kila siku zilikuwa na sababu nzuri za kubadilika: mgonjwa aliyedhaniwa anapimwa, anaonekana hana, anatolewa. Hayo tuliweza kuyaeleza redioni. Lakini jedwali lililosema hivi asubuhi na vile jioni, kwa sababu limefunguliwa kwenye kompyuta nyingine, utamweleza nini mtu anayeamini kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa? Na wazee wetu hawajasahau mambo ya sifuri. Waliona mwaka 1993 zaire milioni tatu zikigeuzwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikigeuzwa franga moja. Mtu aliyepitia hayo akiona sifuri zinatoweka kwenye karatasi ya serikali, haoni hitilafu ya programu.

Kwa watengenezaji, ombi langu ni hili: kile alichokiandika karani kihifadhiwe herufi kwa herufi, kisiguswe kamwe, na tafsiri ya programu ikae kando yake. Programu ikigeuza kitu, iseme imegeuza visanduku vingapi na ivionyeshe, kabla ya kuhifadhi. Uandishi wa namba ukae ndani ya faili lenyewe, usafiri nalo, usitegemee kompyuta iliyotoka Dubai au iliyotoka Brussels.

Kwa mashirika: kabla ya kuzindua chochote, chukueni kurasa za madaftari halisi ya vituo vya Butembo na Beni, majina yakiwa yamefichwa, mzijaribu pamoja na makarani wenyewe. Siku moja inatosha. Mkimaliza mradi, msiondoke na mtu pekee anayejua mipangilio iko wapi.

Na kwenu wakuu wa takwimu za jimbo. Tangu mwanzo wa 2025 serikali ya jimbo iko Beni, kwa sababu za vita tunazozijua wote. Basi karatasi ninayoiomba haina haja ya kungoja ndege. Ukurasa mmoja, wenye muhuri, unaomfunga kila mshirika: koma kwa desimali, nafasi kwa maelfu, tarehe iandikwe kwa kuanza na mwaka, kama 2019-03-08, simu na misimbo ni maandishi, pasipo taarifa ni kistari. Asiyeufuata, programu yake isiwekwe kwenye kompyuta za zoni. Mna mamlaka hayo, na hayahitaji bajeti.

Tumesikia kwamba programu nyingine mpya iko njiani na mafunzo yake yanaandaliwa. Kabla hatujaitwa ukumbini, tunaomba majibu mawili kwa maandishi: programu hiyo itaifanyaje 3,250 ya mkunga, na itaonyesha nini mahali ambapo kituo hakikuripoti.

Wenu kazini,

Karani wa data wa zoni ya afya, Butembo